Nani Hasa Anaibiwa?

Kwenye vibanda vya mafundi kompyuta, iwe Kariakoo, Mwanza au River Road jijini Nairobi, kuna huduma moja ambayo haiandikwi kwenye bango lakini kila mteja anaijua. Unaleta laptopu iliyotumika, imetoka Ulaya au Dubai, na kwenye kona ya chini ya kioo kuna maandishi hafifu yanayokukumbusha kila saa kwamba Windows yako haijaamilishwa. Fundi anachomeka fleshi. Kwanza anazima antivairasi, maana asipoizima itapiga kelele. Kisha anafungua faili dogo, dirisha jeusi linatokea, mistari michache inapita, anaizima mashine na kuiwasha upya. Maandishi yametoweka. Kama nyongeza anakuwekea Office, na programu ya kuhariri picha ambayo hata hukuiomba. Unatoa noti ya elfu kumi, pengine pungufu kidogo ukibembeleza, mnaagana.

Kilichofanyika ndani ya lile dirisha jeusi kina ustadi wake. Microsoft imeyawekea mashirika makubwa utaratibu wa kuamilisha mamia ya kompyuta kwa mpigo: seva moja ya ofisi inathibitisha kwamba leseni ipo, na kila kompyuta inapewa siku 180, huku ikirudi kwenye seva hiyo mara kwa mara kuongezewa muda. Faili la fundi hujifanya ndiyo seva yenyewe. Linajificha ndani ya kompyuta yako, na kila Windows inapouliza kama leseni ipo, linaitikia kwamba ipo. Mashine inadanganywa na sehemu yake yenyewe, bila kuchoka, miaka na miaka. Na kwa kuwa antivairasi ilizimwa ili hayo yafanyike, si mteja wala fundi anayejua ni nini kingine kilichoingia pamoja na faili lile.

Ni nadra kumsikia mtu akiita hilo wizi. Kisheria ni kosa, na sheria yetu haina utata juu ya jambo hili: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, fungu moja na vitabu na vijitabu, ile ya Kenya ya 2001 inafanya vivyo hivyo. Lakini Windows 11 ya matumizi ya nyumbani inauzwa Marekani kwa dola 139. Hata ukipiga kwa shilingi 2,500 kwa dola, unakaribia shilingi 350,000, na mara nyingi laptopu yenyewe iliyotumika haiizidi sana bei hiyo. Bei ya aina hii ilipangwa kwa kuangalia mshahara wa Chicago, haikupangwa kwa kuangalia wa Morogoro.

Mjadala wetu kwa kawaida hukwama hapo. Mmoja anasema wizi ni wizi, mwingine anajibu kwamba bei ni ya kukomoana. Mimi naona wote wawili wamelikimbia swali lenye uzito: nakala ile ya bure ikishawekwa, nani amepoteza na nani amepata? Kwa maoni yangu aliyepoteza zaidi si kampuni ya Marekani. Ni kijana wa hapa hapa anayetengeneza programu za kuuza, na pamoja naye zile programu huria ambazo tungeweza kuzitumia kihalali bila kumlipa mtu senti.

Wazo kwamba programu ni mali ya kuuzwa peke yake si la zamani sana. Hadi 1969 IBM, iliyokuwa imeshika soko la kompyuta duniani, ilikuwa ikiuza au kukodisha mashine na kuzitoa programu pamoja nazo. Mwaka huo serikali ya Marekani iliishitaki kwa kuhodhi soko, na kampuni ikatangaza kwamba itatenganisha bei. Miaka michache baadaye, Februari 1976, kijana wa miaka 20 aitwaye Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi watu waliokuwa wakichezea kompyuta ndogo ya Altair. Yeye na Paul Allen walikuwa wameitengenezea mashine hiyo lugha ya BASIC, na utepe wa karatasi uliobeba programu hiyo ukanakiliwa na kugawanywa bure kwenye vikao vya klabu ya wapenzi wa kompyuta huko California. Barua iliwaita wezi bila kuzunguka mbuyu. Gates alidai kwamba wenye Altair walionunua BASIC hawafiki asilimia 10, na kwamba muda wa kompyuta uliotumika kuitengeneza ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000.

Barua haikueleza kwamba kompyuta iliyotumika ilikuwa PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyogharimiwa na fedha za utafiti za wizara ya ulinzi ya Marekani. Silitaji hili ili kumsimanga mtu. Kazi aliyoifanya ilikuwa kazi hasa, usiku na mchana, na alistahili ujira. Ninachotaka kionekane ni kwamba tangu siku ya kwanza mpaka kati ya mali ya mtu na mali ya umma ulichorwa na yule aliyewahi kudai, na aliyewahi kudai hakuwa na sababu ya kuutaja mchango wa umma.

Sheria ilifuata nyuma. Bunge la Marekani liliziingiza programu rasmi kwenye sheria ya hakimiliki mwaka 1980. Mwaka 1983, katika kesi ya Apple dhidi ya Franklin, mahakama ya rufaa ikaamua kwamba hata msimbo ambao ni mashine tu inayousoma unalindwa. Mwaka 1995 mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani ukaubeba msimamo huo hadi kwa wanachama wote: programu zilindwe kama kazi za fasihi.

Kama kazi za fasihi! Tulitazame jambo hili polepole. Chini ya sheria ya Marekani kazi ya kampuni hulindwa miaka 95 tangu ichapishwe, kwa hiyo Windows 95 italindwa hadi mwisho wa mwaka 2090, wakati ambapo hakutakuwa na mashine ya kuiendesha nje ya makumbusho. Kwetu hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, muda unaoeleweka kwa riwaya ambayo mjukuu wa mwandishi anaweza kuendelea kupata mrabaha wake, lakini kwa programu ya kutoza nauli za daladala haueleweki. Tena riwaya ikichapishwa, kila anayeinunua anaona ilivyoandikwa: mwandishi chipukizi anajifunza sentensi na mipangilio, anajibu kwa kitabu chake. Programu inalindwa kama kitabu huku maandishi yake yakifungiwa kabatini. Unapewa kitu kinachofanya kazi, na msimbo unabaki kuwa siri ya biashara. Jamii imetoa ulinzi wa miongo kadhaa na haikupata hata nafasi ya kusoma.

Nchi maskini zaidi zilipewa nafasi ya kupumua. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye kundi ambalo, kwa uamuzi wa 2021, halilazimiki kutekeleza sehemu kubwa ya TRIPS hadi Julai 1, 2034, Kenya haimo. Lakini Tanzania ilikuwa na sheria yake mpya tangu 1999, na Uganda ikapata mpya ya kwake 2006. Nafasi ile tuliitumia kidogo sana. Tulitunga sheria za nchi tajiri, kisha tukaendelea kuishi kana kwamba hazipo, na kati ya hayo mawili sijui lipi limetuumiza zaidi.

Mwaka 1998 Gates yuleyule, sasa akiwa tajiri kuliko wote, alizungumza mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington pamoja na Warren Buffett. Alipofikia China alisema jambo ambalo kila anayeshughulika na hakimiliki Afrika angelibandika ukutani. Kwa maneno yangu: wanauziwa mamilioni ya kompyuta kila mwaka na hawalipii programu, ila siku moja watalipa, na maadamu wataiba, basi waibe za kwetu, kwa sababu watakuwa wamezoea kiasi cha kushindwa kuacha, na mbele ya safari tutajua namna ya kukusanya chetu.

Hapo ndipo nakala ya Kariakoo inapobadilika sura. Mteja anayewekewa Office isiyolipiwa si mteja aliyepotea kwa Microsoft, maana asingenunua kamwe. Ni mtumiaji aliyefundishwa bure. Chuo cha kompyuta cha mtaani kinafundisha Word na Excel kwa sababu ndizo zilizomo kwenye mashine zake. Mwajiri anaandika kwenye tangazo kwamba mwombaji ajue Word na Excel kwa sababu ndizo zinazofundishwa. Ofisi za serikali zinatumiana mafaili ya Word. Siku benki au wizara inapokaguliwa na kutakiwa iwe na leseni halali, hakuna anayejiuliza inunue nini. Inanunua ile ambayo wafanyakazi wake wote walijifunza kwenye nakala za kibandani. Wizi wa watu wadogo umemjengea muuzaji soko la wakubwa.

Upande wa pili wa kaunta yupo developa wa hapa. Tuseme ametengeneza programu ya duka la dawa: inahesabu stoo, inaonya dawa inapokaribia kuisha muda, inatoa risiti, kila kitu kwa Kiswahili. Anataka shilingi laki tatu. Mwenye duka anamjibu kwamba fundi wa jirani ana programu ya kigeni, kubwa zaidi, yenye rangi nzuri, kwa elfu ishirini na kuwekewa juu. Kijana hashindani na kampuni ya kigeni. Angeshindana nayo kwa bei angeweza kushinda. Anashindana na bidhaa ya kampuni hiyo ikiwa imevuliwa bei. Hakuna mtengenezaji mdogo duniani anayeishinda hiyo. Na akifanikiwa kuuza, ya kwake nayo inanakiliwa ndani ya wiki: mwenye duka ana dada mwenye duka Tabata.

Programu huria zilipata kipigo kilekile, na hapa kuna kisa kinachotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi ulioitwa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, seti nzima ya kuandikia, kuhesabia na kutengenezea maonyesho, yenye menyu za Kiswahili. Waliweza kwa sababu leseni ya OpenOffice ilimruhusu yeyote kuufungua msimbo, kuubadili na kuusambaza bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuweka Kiswahili kwenye bidhaa zake. Kazi ya kukaa na maneno elfu kadhaa ya menyu, kubishana neno gani litumike kwa kila kitufe, ilifanywa na watu wetu kwa hiari yao na kwa ratiba yao.

Na ni wangapi leo waliowahi kuiona Jambo OpenOffice? Mradi ulikuwa na udhaifu wake, fedha za mradi huisha na wanafunzi huhitimu wakaenda. Lakini jiulize ilikuwa inauza nini. Faida yake kubwa, kuwa bure na halali, haikuwa faida kwenye soko ambalo kila kitu ni bure. Uhalali haumvuti mtu asiyewahi kuulizwa leseni. Kilichobaki ni Kiswahili, na mtu aliyekwisha kuzoea kubonyeza neno la Kiingereza kwenye nakala yake haramu hakuona sababu ya kuanza upya.

Asili ya leseni za aina hiyo ni hasira ya mtu mmoja. Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya akili bandia ya MIT, alikasirishwa na printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama mara kwa mara. Alitaka kuirekebisha programu yake, na mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo akamnyima kwa kuwa alikwisha kutia saini ya kutunza siri. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na 1989 ikatoka leseni ya GPL. Ujanja wake ni kwamba haikuikataa hakimiliki. Iliigeuza ielekee upande mwingine. Mwenye programu anasema: kwa kuwa hii ni mali yangu, nakuruhusu uitumie, uibadili, uiuze hata ukitaka, kwa sharti kwamba utakayempa umpe na msimbo, na uhuru uleule niliokupa mimi. Atakayevunja sharti ameivunja hakimiliki. Linux, ambayo ndiyo kiini cha simu za Android zilizojaa mifukoni mwetu, imekaa chini ya leseni hii tangu 1992.

Ukitaka kuona leseni huria ikifanya kazi yake sawasawa usiende kwenye laptopu za ofisini, nenda hospitali. Mwaka 2004 mpango wa AMPATH wa Eldoret, unaoiunganisha Hospitali ya Rufaa ya Moi na vyuo vikuu vya Marekani, ulikuwa umezidiwa na kumbukumbu za wagonjwa wa UKIMWI. Wagonjwa waliongezeka kuliko mfumo mdogo uliokuwepo. Kutokana na shida hiyo ilizaliwa OpenMRS, ikaanza kazi Eldoret 2006, na mwaka huohuo ikachukuliwa Rwinkwavu, Rwanda. Hakuna aliyelipa leseni kwa kila kompyuta, na waliokuwa na haja ya fomu ya kifua kikuu waliitengeneza wenyewe. Vivyo hivyo DHIS2, ambayo asili yake ni Cape Town ya miaka ya 1990 na sasa inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo: Kenya iliiweka mtandaoni nchi nzima 2011, Tanzania ikafuata, na leo takwimu za zahanati ya kata zinapanda hadi wizarani kupitia humo. Ingekuwa wizara inalipia kila mtumiaji kwa dola, takwimu hizo zingeishia mkoani.

Lakini nisizipake sukari. Programu hizi ni huria kwa msimbo, si kwa bajeti. Wanaolipwa kuziendeleza kwa kiasi kikubwa wanalipwa na wafadhili, na mfadhili akibadili mawazo, uhuru wa kusoma msimbo hauleti mshahara wa anayeusoma. Leseni inakupa haki ya kujitengenezea. Haikupi mtu wa kutengeneza, na serikali zetu zimekuwa nyepesi kushangilia neno bure kuliko kuweka fungu la kuwaajiri vijana wanaoujua msimbo huo.

Yule developa wa duka la dawa hakukaa akisubiri sheria imtetee. COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, iko, mahakama ziko, ila kesi ya laki tatu inamaliza laki tatu kabla ya kutajwa mara ya pili. Dawa aliyoipata ni ya kiufundi. Programu yake haiweki tena kwenye kompyuta ya mteja; inakaa kwenye seva, mteja anaingia kwa kivinjari na analipa kila mwezi kwa simu. Hakuna cha kunakili. Ndivyo zilivyohamia programu nyingi za shule, SACCOS na hoteli katika miaka ya karibuni, na kibiashara simlaumu mtu.

Ila mkataba umebadilika kimyakimya. Zamani shule ilikuwa na programu yake na data zake kwenye kompyuta ya mhasibu, hata kama programu ilikuwa ya kuiba. Sasa programu ni ya kukodi, na data zinakaa nyumbani kwa mwenye programu. Shule ikichelewa kulipa mwezi wa kumi na moja, matokeo ya muhula, ada zilizolipwa, namba za simu za wazazi, vyote viko nyuma ya mlango uliofungwa. Developa haoni kosa: ni mali yake, hajalipwa. Mwalimu mkuu naye haoni kosa lake: alama ni za wanafunzi wake. Wote wawili wana haki, na hakimiliki inamwona mmoja tu, kwa sababu inajua kulinda msimbo na haina neno juu ya jina la mtoto aliyelipa ada. Sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zimeanza kuziba pengo hilo. Kwenye mikataba ya shule ninayoonyeshwa bado sijakuta kifungu kinachosema data zitarudishwa kwa muundo gani na kwa siku ngapi.

Kuna mtego mwingine kwa vijana wa Kenya ambao nashangaa hautajwi kila mahali pa kufundishia kompyuta. Kifungu cha 31 cha sheria yao ya hakimiliki kinasema kazi iliyoagizwa na mtu, hata kama aliyeitengeneza si mwajiriwa wake, huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Mfikirie developa wa kujitegemea aliyeandika moyo wa programu ya mikopo kwa ajili ya mteja mmoja, kisha akaubeba moyo huohuo kwenda kwa mteja wa pili na wa tatu, kama wanavyofanya wote. Bila mstari mmoja kwenye mkataba, kinachoitwa kazi yake ni mali ya mteja wa kwanza, na yeye ndiye mvunja sheria.

M-Pesa inafundisha jambo hilohilo kwa kipimo cha nchi. Ilizinduliwa Kenya Machi 2007. Wazo lilisukumwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, serikali ya Uingereza ikachangia karibu pauni milioni moja kupitia mfuko wake wa misaada, na programu ya mwanzo iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Uingereza. Hadi 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Aprili 2020 ndipo Safaricom na Vodacom walipokamilisha kuinunua chapa ya M-Pesa na huduma za kuiendeleza kutoka kwa Vodafone. Miaka 13, bidhaa ambayo Mkenya akiwa ughaibuni anaitaja kama fahari ya taifa ilikuwa ya kampuni ya Uingereza, na Safaricom ikiilipia. Hata baada ya ununuzi usicheze ngoma mapema: Vodacom yenyewe, mmoja wa wanunuzi, inamilikiwa kwa sehemu kubwa na Vodafone.

Kila mara mtaani hupita hadithi kwamba mwanafunzi fulani wa Kenya ndiye aliyeibiwa wazo. Haijapata ushahidi, na hata ingeupata isingesaidia, kwa kuwa hakimiliki hailindi wazo, inalinda maandishi. Kwa hilo tushukuru, maana wazo lingefungwa, Tigo Pesa na Airtel Money zisingezaliwa. Ila angalia ni mchango wa nani uliobaki nje ya daftari. Kabla ya M-Pesa, Uganda watu walikuwa wakitumiana sente kwa vocha: unamsomea namba mwenye kibanda kijijini kwenu, yeye anaingiza muda wa maongezi, anamkabidhi mama yako fedha taslimu na kukata chake. Wakala, imani, kamisheni, kila kitu tayari kilikuwepo. Kisha maelfu ya mawakala wa Kenya waliufundisha mfumo namna ya kuishi sokoni. Msimbo na nembo vilikuwa na mwenyewe kwenye makaratasi. Desturi haikuwa na fomu ya kujaza.

Sasa desturi hiyo isiyo na fomu imefika kwenye lugha. Mashine za kutafsiri na kuandika zinafunzwa kwa matini, na matini ya Kiswahili yaliyokwisha kupangwa ni machache. Mtandao wa Masakhane, wa watafiti wa Kiafrika, kwa muda uliegemea mkusanyo ulioitwa JW300, uliotangazwa 2019 kutokana na machapisho ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300, Kiswahili kikiwemo. Baadaye mkusanyo huo uliondolewa kwa sababu za hakimiliki, na vijana waliokuwa wakitafuta namna ya kuifanya kompyuta ielewe lugha ya mama zao wakarudi nyuma, kwa utii wa sheria.

Wengine walikwenda njia ya kutoa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao 2021 ulipata dola milioni 3.4 kwa ajili ya Afrika Mashariki, uliwaomba watu wasome sentensi za Kiswahili na kuchangia sauti zao. Sauti hizo zinatolewa kwa leseni ya CC0, maana yake hazina sharti lolote. Msomi wa Dodoma anazichukua, na kampuni kubwa kuliko zote California inazichukua pia, inazitia kwenye bidhaa, inaifunga bidhaa hiyo kwa hakimiliki na kuiuza Dodoma. GPL ya Stallman ilikuwa na sharti la kurudisha. Sauti zetu zilitolewa bila sharti hilo. Nimewasikia wakisema ndiyo maana ya ukarimu. Ninaona ni ukarimu wa upande mmoja, na nafurahi kwamba wanasheria wa Chuo Kikuu cha Pretoria wameandaa leseni ya NOODL, inayomlegezea masharti mtumiaji wa nchi zinazoendelea na kumtaka wa nchi tajiri arudishe kitu kwa jamii iliyotoa data.

Mwaka 2025 kampuni ya akili bandia ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi wa Marekani ambao vitabu vyao ilivipakua kutoka maktaba za maharamia. Jaji William Alsup alikuwa ameamua kwamba kufunza mashine kwa vitabu ni matumizi halali. Kosa lilikuwa kujikusanyia nakala za wizi. Ni vitabu karibu nusu milioni, kama dola 3,000 kila kimoja. Fundi wa kibandani na kampuni ya San Francisco walifanya kitendo kimoja, tofauti ni idadi, na tofauti nyingine ni kwamba mmoja alikuwa na uwezo wa kulipa akaendelea na kazi.

Waandishi wetu wasihesabu chochote humo. Kundi lililolipwa lilikuwa la vitabu vilivyoandikishwa kwenye Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, unakataza kumdai mtunzi wa kigeni aandikishe ndipo alindwe, na Marekani inautii kwa namna yake: mtunzi wa Dar es Salaam anaweza kushitaki bila kuandikisha, ila fidia iliyowekwa na sheria, ile inayozitisha kampuni hadi zikae mezani, haipati asiyeandikisha kabla kosa halijaanza au ndani ya miezi mitatu tangu kitabu kitoke. Cheti cha COSOTA hakihesabiki hapo. Ada ya kawaida ya kuandikisha Washington ni dola 65 kwa kazi moja. Mchapishaji mwenye vitabu 40 vya Kiswahili angelipa dola 2,600, na kwa vile ambavyo tayari vimo kwenye marundo yaliyokwisha kupakuliwa angekuwa amechelewa.